Undugu Langoni mwa Mgodi: Ajira, Kujuana na Lawama kutoka Pwani ya Mweru hadi Katanga, 1906–1993

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya upendeleo wa kindugu katika ajira kwa kufuata nyayo za watu wa bonde la Luapula na pwani ya ziwa Mweru waliokwenda kufanya kazi katika migodi ya Katanga na ya Rodesia ya Kaskazini. Hoja yake ni kwamba desturi ya kumwajiri "mtu wa kwetu", ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa mabaki ya maisha ya kijijini, ilijengwa langoni mwa mgodi, na kwamba waajiri walikuwa wajenzi wake wakuu. Iliwapunguzia gharama ya kutafuta vibarua, ikawapatia wadhamini wasiolipwa, na ikawapa njia ya kuwatawala wafanyakazi kwa makabila yao. Makala yanaifuatilia desturi hiyo hadi kufukuzwa kwa watu wa Kasai kutoka Katanga mwaka 1992 na 1993, ambapo lawama iliyostahili ofisi ya ajira iliwaangukia majirani.

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Chisenga kimo katika wilaya ya Nchelenge, mahali ambapo mto Luapula, baada ya kupita katika mabwawa na matete, unajimwaga katika ziwa Mweru. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mpaka uliochorwa na madola ya Ulaya mwishoni mwa karne ya 19 unapita majini, na wavuvi wa pande zote mbili wameuvuka tangu siku hiyo kwa sababu zile zile walizovukia kabla haujachorwa: kuoa, kuzika, kuuza samaki na kukimbia deni.

Kwa msomaji wa Kiswahili eneo hili liko pembeni mwa ramani. Lugha ya nyumbani ni Kibemba kama kinavyosemwa Luapula, pamoja na ndugu zake. Hata hivyo Kiswahili kimefika hapa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya wafanyabiashara wa pwani. David Livingstone alipofika katika mji wa Mwata Kazembe mwezi Novemba 1867, alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Njia ya pili, ambayo ndiyo inayohusu makala haya, ni ile ya wafanyakazi waliorudi kutoka Elisabethville, mji unaoitwa Lubumbashi leo, wakiwa na Kiswahili cha migodini vinywani mwao.

Katika siasa za Zambia za miaka ya karibuni umesikika sana msemo "wako ni wako". Mswahili hahitaji mkalimani ili auelewe. Unatumiwa kueleza kura, lakini kila kijana anayetafuta kazi anaujua kwa maana nyingine: mwenye ndugu ofisini ameshaajiriwa, na asiye naye asubiri. Wazee wetu wa pwani walilisema jambo hilo hilo kwa ukali zaidi, kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo haimsifu zimwi. Inakubali kwamba zimwi lipo, kwamba litakula, na kwamba kujuana nalo kunaweza kumwachia mtu kiungo kimoja au viwili. Nadhani huo ndio msimamo wa kihistoria ulio sahihi kuliko mahubiri mengi yanayotolewa leo dhidi ya undugu kazini, kwa kuwa unatulazimisha kuuliza kwanza zimwi lilikuwa nani.

2.0 Undugu kabla ya mshahara

Wanaodai kwamba upendeleo ni urithi wa mila hupenda kuutaja undugu kana kwamba ni kitu kimoja kisichobadilika. Luapula inafundisha vingine. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti bondeni humo mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuchapisha kitabu chake kikuu kuhusu watu wa Luapula mwaka 1959, alieleza desturi anayoiita undugu wa kudumu. Mtu aliyerithi cheo alirithi pia jina la mtangulizi wake na uhusiano wake wote. Ikiwa mwenye cheo wa kwanza alikuwa mdogo wa Kazembe, basi kila aliyekikalia cheo hicho baada yake alikuwa mdogo wa kila Kazembe, hata kama kwa umri angeweza kuwa baba yake na kwa damu hawakuhusiana kabisa.

Kwa maneno mengine, undugu ulifuata kiti. Ulikuwa namna ya kueleza nani anamdai nani heshima, ushuru au msaada, na uliweza kuundwa baina ya watu wa asili tofauti. Masimulizi ya Nachituti, ambayo David Gordon aliyafanya msingi wa kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu historia ya uvuvi wa Mweru, yanaonyesha jambo hilo vizuri. Nachituti alikuwa dada wa Nkuba, mkuu wa Washila waliokuwa wenyeji na wavuvi wa maji hayo. Nkuba alimuua mwana wa dada yake. Nachituti akamwendea Kazembe, mtawala wa Walunda waliokuwa wamekuja kutoka magharibi, akaomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, mama yule akamkabidhi Kazembe udongo na maji, ishara ya nchi na mabwawa yake. Toka hapo Walunda walitawala, lakini wenye mabwawa na mambo ya ibada za maji walibaki kuwa wenyeji. Msingi wa utawala huo, ukiutazama, ni mwanamke aliyemkana ndugu yake wa damu kwa sababu ndugu huyo alitenda dhuluma. Hapo hapana dalili ya jamii inayoamini kwamba ndugu hakosei.

Sisemi kwamba kabla ya ukoloni hapakuwa na upendeleo. Mabaraza ya Kazembe yalijaa wana wa watu fulani, na wavuvi walipanga nani aingie mtumbwi gani kwa kuangalia ukoo na ndoa. Ninachosema ni kwamba vyeo hivyo vilijulikana hadharani kuwa vya ukoo, na aliyevishika alidaiwa hadharani. Upendeleo kama tunavyoulalamikia leo unahitaji kitu kingine: kazi inayotangazwa kuwa wazi kwa kila mtu, kisha inagawiwa gizani. Kazi ya namna hiyo ililetwa na mshahara.

3.0 Malale, kodi na njia ya Katanga

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na shaba ya kwanza ikayeyushwa mwaka 1911. Kusini mwa Katanga hapakuwa na watu wengi, na wengi wa waliokuwepo hawakuwa na hamu ya kuingia shimoni. Kampuni iligeukia majirani, na jirani wa karibu mwenye watu alikuwa bonde la Luapula, upande wa Waingereza.

Miaka hiyo hiyo pwani ya Mweru ilikuwa katika msiba. Ugonjwa wa malale uliingia bondeni, na utawala wa British South Africa Company ukaamuru watu wahame kando ya mto na ziwa, ukazuia uvuvi na kuvuka kwa mitumbwi. Mwanahistoria wa Zambia, Mwelwa Musambachime, ambaye makala yake ya mwaka 1981 bado ndiyo ya kutegemewa, ameufuatilia msiba huo kuanzia 1906 hadi 1922. Tafakari maana yake. Mvuvi aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba kwa fedha ya samaki aliondolewa majini, lakini kodi haikuondolewa. Alibakiwa na mikono yake tu ya kuuza, na mnunuzi alikuwa ng'ambo.

Robert Williams and Company ilikusanya vibarua katika nchi hii kwa ajili ya migodi ya Katanga, kwa makubaliano na serikali. Upande wa Wabelgiji, shirika la Bourse du Travail du Katanga, lililoanzishwa mwaka 1910, lilifanya kazi hiyo hiyo katika maeneo mengine. Wengine hawakungoja wakala. Walitembea wenyewe, kwa makundi ya kijiji kimoja, kupitia Kasenga, mji mdogo ulio ukingoni mwa Luapula upande wa Kongo, kiasi cha kilomita 200 kutoka Elisabethville.

4.0 Kampuni inajifunza neno "ndugu"

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na pananihitaji nikae zaidi.

Kumtafuta kibarua kwa njia ya wakala kulikuwa na gharama: malipo ya wakala, zawadi kwa machifu, chakula cha njiani, na hasara ya wale waliotoroka kabla hawajafika. Kibarua aliyekuja mwenyewe hakuwa na gharama hata moja kati ya hizo. Lakini mtu haji mwenyewe kwenye mji asioujua isipokuwa kuna mlango wa kugonga. Mlango huo ulikuwa wa kaka, wa mjomba, wa mtu wa kijiji cha pili aliyemwoa dada. Huyo ndiye aliyetoa sakafu ya kulala, unga wa mwezi wa kwanza, na maelezo ya saa ngapi wasimamizi huchagua watu langoni. Mgodi ulipata kibarua aliyekwisha kulishwa na kufundishwa bila kulipa senti. Katika migodi ya Ukanda wa Shaba wa Rodesia ya Kaskazini, ambayo uzalishaji wake mkubwa ulianza mwaka 1931 na 1933, waajiri walitegemea watu wa namna hiyo kiasi kwamba ukusanyaji wa vibarua kwa mawakala ukakoma mapema.

Kwa hiyo undugu ulikuwa mtaji wa kampuni. Haukuandikwa katika hesabu zake, na pengine ndiyo maana ilikuwa rahisi baadaye kuulaani.

Jambo la pili ni dhamana. Msimamizi Mzungu hakuwajua watu wake, hakujua lugha zao, na alikuwa na mamia. Alimtegemea kapita, yaani nyapara Mwafrika aliyesimamia kikundi. Kapita alipoombwa alete watu watano alileta watano anaowajua, kwa sababu mmoja wao akitoroka au akiiba, yeye ndiye aliyeulizwa. Kumleta asiyemjua kungekuwa ujinga. Hapo kujuana kulikuwa ndiko kipimo cha sifa, kwa kuwa mwajiri hakuwa na kipimo kingine na hakutaka kukigharamia. Bila shaka kapita alipokea pia kuku, pombe au sehemu ya mshahara wa kwanza. Mkono mtupu haulambwi. Lakini hongo hiyo iliota juu ya mfumo ambao tayari ulimfanya yeye kuwa mlango.

La tatu lilikuwa kubwa zaidi. Kampuni hazikuridhika na undugu wa nyumba na kijiji. Zilitaka undugu mpana ulio rahisi kuandikwa, nao ukaitwa kabila. Zilijenga imani kwamba watu wa kabila hili wanafaa kwa shimo, wa kabila lile kwa ofisi, na wengine kwa kufagia. Mwaka 1931 mgodi wa Roan Antelope, Luanshya, ulianzisha baraza la wazee wa makabila ili kila mfanyakazi awe na "mzee wake" wa kumpelekea shida. Mtu aliyetoka Chisenga, ambaye nyumbani alikuwa wa ukoo fulani, mkwe wa ukoo mwingine na raia wa chifu fulani, mgodini aliambiwa achague neno moja.

Wafanyakazi wenyewe waliutambua mtego huo mapema kuliko wasomi. Mwezi Mei 1935, kodi ilipopandishwa ghafla, migodi ikagoma. Luanshya polisi walifyatua risasi na kuua watu 6. Wazee wa makabila hawakuwa na nguvu yoyote juu ya umati. Umati uliwahesabu kuwa watu wa kampuni. A. L. Epstein, aliyeandika juu ya Luanshya mwaka 1958, ameonyesha jinsi chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1949 kilivyopigania kuondolewa kwa wazee hao hadi wakaondolewa. Mchimbaji wa shimo alikuwa Mbemba, Mbisa au Mlunda katika ngoma ya Jumapili, kama J. Clyde Mitchell alivyoonyesha katika utafiti wake wa ngoma ya kalela uliotoka mwaka 1956. Jumatatu alipodai mshahara alikuwa mfanyakazi. Aliweza kutofautisha mambo hayo mawili, na mwajiri akapendelea asiyatofautishe.

Palikuwa na kilio kimoja ambacho hakikuisha, nacho ni cha makarani. Kazi za ofisini katika Ukanda wa Shaba zilishikwa kwa wingi na watu wa Nyasaland, kwa sababu misheni za huko zilitangulia kuwafundisha kusoma na kuandika Kiingereza. Karani ndiye aliyeandika tikiti ya kazi, aliyesikia nafasi ikitajwa, aliyetafsiri maneno ya mwombaji kwa Mzungu na maneno ya Mzungu kwa mwombaji. Mtu wa Luapula alipokosa kazi, uso aliouona dirishani ulikuwa wa karani. Msimamizi aliyeamua alikuwa chumba cha pili. Uso ule wa dirishani utarudi tena katika historia hii, ng'ambo ya mpaka, na kwa gharama kubwa zaidi.

5.0 Upendeleo ambao haukuitwa undugu

Ingekuwa kosa kuliacha jambo moja, ingawa linajulikana. Katika miaka yote hiyo upendeleo mkubwa kuliko wote katika migodi ya Rodesia ya Kaskazini ulikuwa wa rangi. Wachimbaji wa Kizungu walikuwa na chama chao na mikataba iliyowakinga, hivi kwamba Mwafrika hakuweza kupandishwa katika kazi zilizohesabiwa kuwa zao, hata kama alikuwa anazifanya kila siku chini ya jina jingine na mshahara mwingine. Tume ya Dalgleish ilipendekeza mwaka 1948 kwamba baadhi ya kazi hizo zifunguliwe. Ilichukua hadi mwaka 1955 kufunguliwa chache. Mzungu aliyempatia mpwa wake kazi kutoka Afrika Kusini hakutuhumiwa kuendeleza mila za kijijini. Msamiati wa kulaumu, kama kazi zenyewe, ulikuwa na kizuizi cha rangi.

6.0 Watoto wa kampuni na wageni wa reli

Katanga ilichukua njia nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha mikataba mifupi ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi, kwa mikataba ya miaka mitatu. Ilijenga shule na zahanati. Mdororo wa uchumi ulipoingia, watu wa Rodesia ya Kaskazini ndio waliopunguzwa kwanza, na wengi wa watu wa Luapula wakarudi nyumbani au wakageukia Ukanda wa Shaba. Waliobaki mpakani walipata riziki nyingine: Wagiriki wa Kasenga walinunua samaki wa Mweru na kuwasafirisha hadi Elisabethville, na kambi ya migodi ikawa inakula kazi ya wavuvi wale ambao haikuwahitaji tena shimoni.

Kambini kampuni ilijifanya mzazi. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001, ameeleza jinsi kampuni ilivyojitwalia mamlaka ya baba: kulisha, kuadhibu, kusomesha, na kisha kuwaandaa watoto wa kambi wawe wafanyakazi wa kesho. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi alikuwa na haki ya kwanza. Leo tungesema ni upendeleo wa kifamilia; kampuni iliuita sera ya kutuliza nguvukazi, na ikajivunia.

Watoto hao walikuwa wa nani? Baada ya kuachana na Rodesia, Union Minière ilitafuta watu Ruanda-Urundi, Lomami, na hasa Kasai. Reli iliyounganisha Katanga na Port-Francqui kupitia Kasai ilikamilika mwaka 1928. Watu wa Kasai, hasa Waluba wa huko, walikuwa wamepata shule za misheni mapema. Wakawa makarani, wafanyakazi wa reli, mafundi. Walikuja kwa sababu waliitwa. Kizazi cha pili kilizaliwa Elisabethville, Jadotville na Kolwezi, na lugha yake ya mtaani ilikuwa Kiswahili. Johannes Fabian, aliyeandika mwaka 1986 juu ya Kiswahili na utawala wa Wabelgiji, ameonyesha jinsi lugha hiyo ilivyotumiwa kuwa lugha ya kazi ya Katanga. Mtoto wa Kasai aliyezaliwa kambini alikuwa Mswahili wa Katanga kuliko mtu wa bara aliyeingia mjini jana.

Uchaguzi wa manispaa ya Elisabethville mwishoni mwa mwaka 1957 ulitoa mameya Waafrika waliotoka nje ya Katanga. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha CONAKAT, kikidai kuwatetea "Wakatanga halisi". Viongozi wake, Godefroid Munongo na Moïse Tshombe, ndio waliotangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Historia ya kujitenga imeandikwa sana kwa upande wa shaba, Wabelgiji na vita baridi, na yote hayo ni kweli. Lakini mkutano wa hadhara wa 1958 haukujazwa na bei ya shaba. Ulijazwa na watu waliokwenda dirishani wakaukuta uso ule ule.

7.0 Bilulu

Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Serikali ya Mobutu iliibadilisha hata nchi jina. Mkoa wa Katanga ukaitwa Shaba. Katika miaka ya 1980 kampuni ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ikasomesha watoto na kugawa unga kama zamani. Kisha mambo yakaporomoka. Sehemu ya mgodi wa Kamoto ilianguka mwaka 1990, fedha za matengenezo hazikuwepo, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa kiasi cha tani 50,000.

Mzazi aliyekuwa anagawa unga alipoacha kugawa, watoto waligombana. Wakati Nguz Karl-i-Bond alipokuwa waziri mkuu, mshirika wake Gabriel Kyungu wa Kumwanza alifanywa gavana wa mkoa, naye akahubiri kwamba Wakatanga hawana kazi kwa sababu watu wa Kasai wamejaza ofisi na kuleta ndugu zao. Neno lililotumika kwa watu hao lilikuwa la Kiswahili: bilulu, yaani wadudu. Sisi tunaoitetea lugha hii katika makongamano kuwa lugha ya umoja tunapaswa kuliweka neno hilo mezani pamoja na mengine.

Mwezi Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, Kinshasa, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz. Ghasia zikaanza Likasi, kisha mwaka 1993 zikafika Kolwezi. Nyumba zilichomwa au kutwaliwa, watu wakaondolewa kazini. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Walikaa kwenye vituo vya reli wiki na miezi wakingoja treni za kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na vurugu.

Je, madai ya Kyungu yalikuwa uongo mtupu? Jibu la haki ni gumu. Kwamba watu wa Kasai walikuwa wengi katika ofisi na karakana ni kweli. Kwamba karani wa Kasai alimwita mpwa wake nafasi ilipotokea, yaelekea ni kweli pia, kwa maana hivyo ndivyo kila mtu alivyofundishwa na kampuni kwa miaka 80: mlete unayemjua, mdhamini wewe. Uongo ulikuwa katika hatua iliyofuata, pale uso wa dirishani ulipochukuliwa kuwa ndio ofisi. Na walipoondoka makumi ya maelfu ya wafanyakazi, wakiwemo walimu na mafundi, hakuna utaratibu wa ajira uliobadilika. Waliopewa nafasi zao walizipata kwa njia ile ile, ila kwa kujuana na watu wengine.

8.0 Hesabu na milango

Kanda yetu imejaribu dawa kadhaa. Sheria ya Kenya ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Tanzania ilichagua kuhamisha usaili: Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hupokea maombi na kuwasaili waombaji kwa niaba ya ofisi nyingi, ili mkuu wa idara asimchague mpwa wake mwenyewe. Zambia ya Kenneth Kaunda ilitegemea kupanga vyeo vya juu kwa uwiano wa makabila chini ya kaulimbiu ya Zambia moja, taifa moja. Dawa ya Kenya na ile ya Kaunda zinahesabu watu walio ndani. Ile ya Tanzania, pamoja na malalamiko yake yote kuhusu ucheleweshaji, inaugusa mlango wenyewe. Kwa mtazamo wa historia niliyoieleza, ningeipa ya tatu alama nyingi zaidi, kwa kuwa kuhesabu makabila ndiko kulikoanza Luanshya mwaka 1931, kwa nia tofauti lakini kwa kalamu ile ile.

Migodi mipya ya Zambia haiko tena katika Ukanda wa Shaba wa zamani. Iko Mkoa wa Kaskazini-Magharibi, kuzunguka Solwezi na Kalumbila, na wenyeji wa huko wamekuwa wakilalamika kwamba kazi huchukuliwa na watu wanaokuja kutoka Kitwe, Luanshya na Mufulira, wasemaji wa Kibemba, wengi wao wakiwa wajukuu wa wale waliotembea kutoka Luapula kugonga mlango wa mjomba. Safari hii mtu wa asili ya Mweru ndiye karani wa dirishani. Yeye mwenyewe hujiona kuwa fundi aliyesomea kazi yake, na mara nyingi yuko sahihi. Waluba wa Kolwezi nao walijiona hivyo.

Chini ya utawala wa Waingereza, mfanyakazi wa Rodesia ya Kaskazini alilazimika kubeba cheti cha utambulisho, chitupa, kilichoandikwa jina lake, kijiji chake na chifu wake, ili wakala na polisi wajue ni "mtu wa nani". Ukoloni uliisha mwaka 1964. Kijana anayeondoka Chisenga leo kwa mashua kwenda Nchelenge, kisha kwa basi kwenda kutafuta kazi Solwezi, hubeba kadi ya taifa ya kijani. Katika kadi hiyo, pamoja na jina na tarehe ya kuzaliwa, pameandikwa kijiji chake na chifu wake, na hicho ndicho kitu cha kwanza anachokitoa mfukoni akifika langoni.